Lancia Stratos Zero: gari lililofanya kazi yake bila kuuzwa

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa: "Salaam mtaalamu. Kuna filamu ya Michael Jackson ya mwaka 1988 ambamo anageuka kuwa gari la ajabu, bapa kabisa, halina hata milango. Baba anasema hilo ni Lancia Stratos, lile lililokuja Safari Rally miaka ya sabini, na kwamba yeye aliliona kwa macho yake likipita. Mimi nimetazama picha za Safari na magari hayo hayafanani hata kidogo. Je, ni gari gani? Lilikuwa linatembea kweli au ni sanamu? Na kama lilikuwa la kweli, kwa nini Waitaliano hawakulitengeneza wakaliuza?"

Ndugu yangu, baba yako hajakosea, na wewe pia hujakosea. Gari la kwenye filamu linaitwa Lancia Stratos Zero. Lilitengenezwa moja tu, na kampuni ya Bertone ya Torino, kaskazini mwa Italia, likaonyeshwa mara ya kwanza kwenye Maonyesho ya Magari ya Torino mwishoni mwa Oktoba 1970. Aliloliona baba ni Lancia Stratos HF, lililokuja baadaye, likatengenezwa kwa mamia na kuletwa Kenya kushindana. Yanachangia jina kwa sababu la kwanza ndilo lililofungulia la pili njia. Chini ya bodi ni magari mawili tofauti.

Swali lako la mwisho ndilo ninalotaka kulikalia, maana watu huliuliza kwa masikitiko, kana kwamba kuna mtu alikuwa na gari zuri mkononi akaogopa kulitoa. Magari mengi ya maonyesho ya Italia yana historia ya namna hiyo, na yapo yanayoumiza kuyakumbuka. Zero halimo. Hakuna aliyepanga kuliuza, na kazi iliyokusudiwa kwalo lilikuwa limeimaliza kabla hata ya kutimiza mwaka.

Bertone haikuwa kiwanda cha magari kama Fiat au Lancia. Ilianza mwaka 1912 chini ya Giovanni Bertone ikitengeneza bodi, na mwanawe Giuseppe, ambaye kila mtu alimwita Nuccio, ndiye aliyeikuza baada ya Vita Kuu ya Pili. Riziki yake ilitoka kwenye mambo mawili: kuchora magari kwa ajili ya kampuni nyingine, na kukunja, kuchomelea na kupaka rangi bodi za magari hayo katika kiwanda chake cha Grugliasco, nje kidogo ya Torino. Bodi za Alfa Romeo Giulietta Sprint na Fiat 850 Spider zilitoka mikononi mwao. Kampuni ya aina hii inauza ufundi, kwa hiyo lazima ufundi wenyewe uonekane. Gari la maonyesho kwao ni koti ambalo fundi cherehani hulitundika mlangoni: limeshonwa kwa uwezo wake wote, halina bei, na lipo ili mpita njia asimame, aingie ndani na kuagiza lake.

Mpita njia ambaye Nuccio Bertone alimtaka alikuwa Lancia. Kwa miaka mingi kazi za Lancia zilikwenda kwa wengine. Pininfarina, mtengeneza bodi mwenzake, ndiye aliyechora Flaminia na Flavia Coupé, mwingine, Zagato, akatengeneza Fulvia Sport, Bertone akabaki nje. Mwaka 1969 Lancia, ikiwa imeelemewa na madeni, ilinunuliwa na Fiat. Wakubwa wakabadilika, na kila aliyekuwa anatafuta kazi alijua kwamba huu ndio wakati wa kubisha hodi. Kwenye timu ya mashindano, meneja Cesare Fiorio alikuwa na shida yake. Fulvia HF, gari lililoijengea Lancia jina katika rali, lilikuwa linazeeka, huku Porsche 911 na Alpine A110 ya Wafaransa zikizidi kuwa kali. Alihitaji gari jipya na hakuwa nalo.

Kulikuwa pia na ushindani wa majirani. Machi 1970, kwenye maonyesho ya Geneva, Pininfarina alionyesha Modulo, gari lililochorwa na Paolo Martin juu ya chesisi ya gari la mashindano la Ferrari 512 S. Kimo chake kilikuwa sentimita 93.5, na watu walidhani hapo ndipo mwisho wa mambo. Miezi saba baadaye, mjini Torino kwenyewe, Bertone akaja na gari la sentimita 84. Simama kando yake na paa halifiki kiunoni mwako. Bertone walikuwa wameliita Stratolimite wakati wa kulitengeneza, kwa maana ya mpaka wa stratosfia, tabaka la juu la hewa, likatoka kwa jina fupi la Stratos. Zero liliongezwa baadaye ili kulitenganisha na mdogo wake.

Aliyelichora ni Marcello Gandini, mzaliwa wa Torino, wakati huo akiwa na miaka 32. Alijiunga na Bertone mwaka 1965, baada ya mchoraji aliyemtangulia, Giorgetto Giugiaro, kuondoka, na katika miaka mitano alikuwa tayari ametoa Lamborghini Miura, kisha Alfa Romeo Carabo ya 1968, gari la maonyesho lenye milango inayonyanyuka juu kwa mbele. Ukizipanga picha za Miura, Carabo na Zero kwa kufuatana, utaona mtu anayeondoa mviringo mmoja baada ya mwingine. Miura ni misuli na mapaja. Carabo imenyooshwa. Zero ni kabari: mstari mmoja unaanza puani karibu na ardhi, unapanda juu ya kioo, unafika paani bila kuvunjika popote, halafu nyuma unakatwa wima. Mimi naamini hapo ndipo Gandini alipofika mbali kuliko mchoraji yeyote wa wakati wake, na kuliko yeye mwenyewe baadaye, ukihesabu hata Lamborghini Countach aliyoichora baadaye. Alifariki Machi 2024, na magazeti yaliandika zaidi kuhusu Lamborghini. Zero lilistahili nafasi kubwa zaidi.

Sasa, lilitembea? Ndiyo, kwa injini yake lenyewe. Bertone hakutaka kuomba vifaa Lancia na hivyo kufichua anachofanya, na husimuliwa kwamba injini ilitolewa kwenye Fulvia 1.6 HF iliyokuwa imegongwa. Ni injini ya silinda nne zilizopangwa kwa V nyembamba sana, yenye sentimita za ujazo 1,584 na nguvu za farasi zipatazo 115. Kwenye Fulvia inakaa mbele. Kwenye Zero iliwekwa nyuma ya viti, kati ya dereva na magurudumu ya nyuma, chini ya kifuniko cha pembetatu chenye mbavu za chuma zinazopitisha hewa.

Kuingia ndani ndiko kunakoshangaza watu hadi leo, na wewe mwenyewe umeona kwamba halina milango. Mlango ni kioo cha mbele. Kina bawaba juu, kwenye ukingo wa paa. Nguzo ya usukani inasukumwa mbele ili kuachia nafasi, kioo kinanyanyuliwa, unakanyaga mkeka mweusi wa mpira uliowekwa kwenye pua ya gari, unapiga hatua ndani na kukaa, kisha unalala. Kukaa wima haiwezekani, paa litakugonga. Viti vimesogezwa mbele sana, kati ya matao ya magurudumu ya mbele, na miguu inaelekea moja kwa moja puani. Vipimo vya dashibodi havipo mbele ya dereva kwa sababu hakuna dashibodi, vimehamishiwa ubavuni. Taa za mbele ni kumi, ndogo ndogo, zimepangwa mstari mmoja mwembamba kwenye ncha ya pua, na huzitambui mpaka ziwashwe.

Na hapa linakuja tukio linalojibu swali lako kuliko maelezo yangu yote. Baada ya maonyesho, wakubwa wa Lancia walitaka kumwona Bertone na gari lake. Nuccio hakulipakia kwenye lori. Mapema mwaka 1971 aliliendesha mwenyewe katika barabara za Torino, katikati ya magari ya kawaida, mpaka kwenye lango la Lancia. Lango lilikuwa na kizuizi cha mti unaonyanyuliwa. Hakusubiri kunyanyuliwa. Alipita chini yake, na wafanyakazi wa idara ya mashindano wakampigia makofi. Alipotoka kwenye mkutano huo, mazungumzo ya kutengeneza gari jipya la rali pamoja na Lancia yalikuwa yamefunguka.

Angalia mpangilio wa tarehe. Oktoba 1970 gari linaonyeshwa. Mapema 1971 Lancia wanamwita. Novemba 1971, kwenye maonyesho yale yale ya Torino, Bertone anafunua mfano wa kwanza wa Stratos HF, nao umechorwa na Gandini yule yule. Kwa kipimo cha biashara ya bodi, hayo ni mavuno ya haraka sana.

Bado unaweza kuniuliza: sawa, lakini lingeshindikana kweli kulitengeneza lile lile la kwanza, hata machache kwa matajiri? Nakujibu kama mtu aliyezoea kutazama bodi kwa jicho la fundi. Shida ya kwanza ni ule mlango. Gari likipinduka, kioo cha mbele ndicho kinacholala chini, na hakuna pengine pa kutokea. Mvua ikinyesha, kila unapofungua maji yanamwagikia viti. Shida ya pili ni miguu ya dereva, iliyo mbele kuliko sehemu yoyote ngumu ya gari: ukigonga ukuta hata kwa mwendo mdogo, mifupa ndiyo inayopokea pigo la kwanza. Ya tatu ni kuona na kuonekana. Kutoka ndani, nyuma karibu huoni kitu. Na dereva wa lori akiwa juu kwenye kebini yake hawezi kuona gari la sentimita 84 lililo mbele ya bampa lake; atalikanyaga bila kujua. Ya nne ni taa. Tangu 1968 Marekani, soko ambalo kila mtengenezaji wa magari ya fahari alilitegemea, ilikuwa na viwango vya taifa vya usalama wa magari, na miongoni mwake ni kimo cha chini kinachoruhusiwa kwa taa za mbele. Taa za Zero ziko karibu na lami. Kuzipandisha ni kuvunja ule mstari mmoja, na ukishauvunja umebaki na gari lingine.

Ndiyo maana nasema hivi kwa uhakika: kila kinacholifanya Zero kuwa Zero ndicho kinacholizuia kupewa namba za barabarani kwa wateja. Gari la maonyesho la aina nyingine, lenye milango ya kawaida na kimo cha kawaida, unaweza kulirekebisha hapa na pale likafika dukani. Hili ungelirekebisha mpaka liishe. Gandini alijua hilo kuliko sisi sote, kwa sababu alipoambiwa achore gari la kweli la rali, hakujaribu kuligeuza Zero. Alianza upya.

Stratos HF ni gari la watu wa kazi. Kimo kilipanda hadi kama sentimita 111. Lina milango miwili ya kawaida ubavuni, na ndani ya kila mlango kuna mfuko mkubwa wa kuwekea helmeti. Kioo cha mbele kimezunguka, kinampa dereva mwono mpana anaopaswa kuwa nao mtu anayetafuta kona inayofuata gizani. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni sentimita 218 tu, kwa hiyo gari linageuka upesi, na kwa dereva asiye makini linageuka upesi kuliko alivyotaka. Katikati ni boksi imara la chuma, na pua na mkia ni vipande vikubwa vya faibaglasi vinavyofunuka vyote kwa ukamilifu, ili fundi afike kwenye injini au springi bila kuhangaika. Injini ni V6 ya Ferrari Dino, sentimita za ujazo 2,418, farasi 190 kwenye gari la barabarani. Fiat ilikuwa imenunua nusu ya Ferrari mwaka ule ule wa 1969 ilipoichukua Lancia, na bila ununuzi huo sidhani kama injini ile ingepatikana.

Ili likubaliwe kwenye Kundi la 4, daraja la magari ya mashindano, sheria zilidai yatengenezwe magari 500. Bertone walijenga bodi Grugliasco, Lancia wakayaunganisha Chivasso, na yaliyokamilika huhesabiwa kuwa 492 hivi. Kibali kilitoka Oktoba 1974, na mwezi huo huo Sandro Munari akashinda rali ya Sanremo. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976, na Munari akashinda Monte Carlo mara tatu mfululizo kwa gari hilo, 1975 hadi 1977.

Sasa tumfikie baba. Mashindano ya Safari yalikuwa yakifanyika tangu 1953, na kwa watengenezaji wa Ulaya yalikuwa mtihani wa kutisha: vumbi, matope ya Pasaka, mawe, ng'ombe barabarani, na mwendo wa maelfu ya kilomita. Stratos lililotengenezwa kwa ajili ya vilima vya lami vya Alps lililetwa huko likiwa limenyanyuliwa, limefungwa vyuma vya kukinga pua na taa za ziada. Mwaka 1975 Munari, akiwa na Lofty Drews kama msoma ramani, alimaliza wa pili, na Björn Waldegård wa tatu kwa Stratos jingine. Aliyewashinda ni Ove Andersson kwa Peugeot 504, gari ambalo baba yako analijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote, maana lilibeba abiria na mizigo nchi nzima. Mwaka 1976 ushindi ulikwenda kwa Joginder Singh, Simba wa Kenya, na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka 1977 Munari alirudi akawa wa tatu. Stratos halikuwahi kushinda Safari. Lancia ilisubiri hadi 1988, Miki Biasion alipoishinda kwa Delta Integrale.

Kwa maoni yangu nafasi ile ya pili ya 1975 ni moja ya matokeo makubwa ya Stratos, ingawa vitabu vya Ulaya huipita haraka vikikimbilia Monte Carlo. Gari fupi, jepesi, la viti viwili, lenye injini ya Ferrari mgongoni, lilivuka nchi iliyokuwa ikivunja magari yaliyojengwa kuwa magumu.

Kuhusu Zero lenyewe, Bertone walilihifadhi kwa miongo minne katika mkusanyiko wao. Ndiyo maana lilipatikana likiwa zima kwa ajili ya ile filamu ya 1988, karibu miaka 18 baada ya kutengenezwa, na watazamaji wengi wakadhani limebuniwa kwa ajili ya filamu. Kisha kampuni ikaingia kwenye shida za fedha, na Mei 2011 baadhi ya magari yake yakapigwa mnada kando ya Ziwa Como, Italia, na kampuni ya minada ya RM. Zero lilinunuliwa kwa euro 761,600. Tangu hapo limeonekana kwenye makumbusho na maonyesho mbalimbali, likiwa na rangi ya shaba.

Ukitaka kumaliza ubishi nyumbani, weka picha mbili mbele ya baba na mtazame pamoja ubavu wa gari. Palipo na mlango wenye kitasa, hilo ni lake, la Safari. Palipo na bodi tupu kutoka gurudumu hadi gurudumu, hilo ni lako.